Brashi Niliyokatazwa Kushika

Asubuhi ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu baba yako alilijua hilo wala hakuwahi kuninunia. Ni asubuhi ambayo kijana mmoja wa Kikamba aliniambia nisishike brashi. Juzi umenipigia simu kutoka Westlands, umepata kazi yako ya kwanza ya kuosha madirisha ya ofisi, ukaniuliza mbio mbio, "Mama, wiki ijayo nashuka madukani Ngara, nichukue brashi gani?" Ulitaka jibu la neno moja, kama ilivyo desturi yenu. Mimi sina jibu la neno moja. Langu ni refu na lina mtu ndani yake, mtu niliyempenda nikamkosa. Ndiyo maana nakuandikia, maana kwenye simu ungenikatiza katikati useme kuna mteja.

Kwa hiyo tulia usome. Brashi zitakungoja.

Nilikuwa msichana wa Ngara. Babu yako, Maalim Omari, alitoka Lamu akaja kufundisha madrasa hapa mjini, akatuleta na sisi tukakaa ghorofani kwenye nyumba ndogo yenye roshani ya kuanikia nguo. Nilipomaliza shule nilipata kazi katika kampuni ya usafi iliyokuwa ikiosha majengo ya Westlands. Baba alinikubalia kwa sharti moja, nifanye kazi ndani ya jengo. Wa kuning'inia nje awe mwingine. Nadhani hakuogopa urefu, aliogopa upepo na buibui langu mbele ya watu wote wa barabarani.

Wakati huo kampuni yetu ilikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kioo kiliwekewa watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje kwenye jukwaa la kamba, wakakiosha pamoja. Uchafu wa kioo una ukaidi, mwanangu. Unaweza kusugua doa mpaka bega likauma, kumbe doa haliko upande wako, liko kwa mwenzako. Basi ukiona halitoki, unagonga kioo kwa ukucha na kumwonyesha. Naye akiona lako anakugongea. Siku nzima mnatazamana usoni, mko karibu mno, na husikii neno hata moja analosema mwenzako.

Wa upande wa pili wa kioo changu alikuwa Musyoka, kijana kutoka Kitui, mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyo na haraka. Alikuwa akiimba akiwa kazini. Mimi niliona midomo tu ikicheza, na mwaka mzima sikujua anaimba nini. Nilijua tu kwamba Jumamosi hayupo, mahali pake anakuja mwingine, nikadhani ana kibarua kingine mahali. Sikuuliza, nilikuwa msichana na nilijiona najua mambo.

Sasa brashi. Tulipewa jengo jipya lililotazamana na barabara kubwa, na vumbi la pale si vumbi la kawaida. Linachanganyika na moshi wa malori, mvua kidogo inanyesha, jua linapiga, kioo kinapata utando wa mafuta mafuta. Brashi zetu za plastiki zilikuwa ngumu kama za kusugulia sakafu, zinasukuma uchafu huku na huku na kuacha michirizi. Msimamizi wetu akaona aibu mbele ya wenye jengo, akatafuta brashi nzuri, akaileta siku hiyo kwenye egesho la chini ambako tulikuwa tukiteka maji. Ilikuwa ndani ya boksi lake, pana, imejaa nywele nyeupe zilizokaa vizuri. Nikanyoosha mkono niipapase, maana brashi huwa naijaribu kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuiamini.

"Hiyo brashi usishike," Musyoka akaniambia.

"Kwani umeinunua wewe?"

"Khadija, hizo ni nywele za nguruwe."

Mkono ukanirudia wenyewe. Nikamuuliza amejuaje.

"Nimezitoa na hii mikono yangu. Kabla nikuje huku nilikuwa nafanya kichinjio, huko upande wa Uthiru. Hata nikifunga macho nazijua." Akalichukua boksi akaliweka upande wake. "Mimi nitakaa nayo huko nje. Wewe baki na vitambaa vyako vya ndani."

Nilimshukuru, na nikadhani mambo yameisha. Yeye ni Mkristo, nikajiambia, na nguruwe kwake ni nyama tu kama kuku. Kwa akili yangu ya Ngara Wakristo wote walikuwa kitu kimoja. Hata nilimtania, nikamwambia amepata rafiki yake wa zamani, na yeye akacheka kidogo.

Nisikudanganye, kwa kazi brashi ile ilikuwa tamu. Nywele za mnyama zinakunywa maji na kuyaachilia polepole, na ncha zake zimepasuka zenyewe, kwa hiyo zinalamba kioo bila kukikwaruza. Kile kioo kiling'aa. Lakini kitu cha nguruwe kikiwa na maji ndicho tunachokikimbia zaidi, na kuosha madirisha ni maji matupu. Musyoka akaweka utaratibu wake mwenyewe bila kuniambia. Ndoo yake haikugusana na yangu. Kitambaa hakunipa mkononi, alikiweka juu ya ukuta nikichukue. Na kabla ya kuanza kioo chenye kidirisha cha kufunguka, alikuwa akigonga kwa nguvu ili nikifunge kidirisha kwanza, halafu anangoja mpaka nirudi nyuma ndipo ainue brashi.

Siku moja kidirisha kimoja hakikufunga sawasawa. Alikuwa juu yangu kidogo, maji yakateleza kwenye ukingo yakapenya ndani, yakanidondokea mkono mzima. Niliona uso wake kupitia kile kioo, mwanangu. Ungedhani amenimwagia mafuta ya moto. Nikamwashiria kwamba si kitu, lakini jioni nilifika nyumbani nikajitwaharisha kama tulivyofundishwa, mara saba, moja yake kwa udongo. Na Ngara udongo unaupata wapi? Niliuchota kwenye chungu cha asumini cha bibi yako, naye alinigombeza juu ya maua yake kuliko juu ya nguruwe.

Ijumaa iliyofuata baba alirudi kutoka msikitini, akakaa na kofia yake kichwani, jambo ambalo hakuwa akilifanya nyumbani, akaniita.

"Khadija, kuna kijana wa Kikamba kaja madrasani leo. Kavua viatu mlangoni kavishika mkononi, watoto wanamcheka, yeye kasimama tu. Kaniuliza, mtu akidondokewa na maji ya brashi ya nguruwe dini yenu inasemaje, na mimi nifanye nini lisitokee tena."

Nikaketi chini mbele yake, naye akaendelea.

"Nikamjibu. Kisha nikamuuliza, na wewe mwenyewe, kijana, huoni vibaya kushika kitu hicho? Akaniambia yeye ni Msabato. Nguruwe kwao haramu kama kwetu. Ile kazi ya kichinjioni aliiacha alipoingia dini, akalala njaa, akaapa hatazishika tena nywele zile. Na sasa anazishika kila siku inayokwenda kwa Mungu ili usizishike wewe. Alikwambia hayo?"

"Hapana, baba."

"Hakukwambia kwa sababu hukumuuliza. Mwenzio kaja mpaka huku kuuliza dini yako. Wewe yake hujui hata jina lake. Mnatazamana mwaka mzima, mwanangu, unamtazama nini?"

Baba hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha, ningelia nikamaliza. Badala yake nilikaa na swali lake Jumamosi nzima, siku ambayo sasa nilijua Musyoka yuko kanisani, na kazini nilikuwa nikitazama kioo chenye mtu mwingine nyuma yake nikaona jinsi ninavyomtaka yule wangu. Ndipo nilipojua, mwanangu. Si mapema.

Tulipokutana tena nilimsubiri kwenye egesho kabla hajagusa ndoo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekataa niishike," akasema. "Na wewe huwezi ishika. Sasa tungekaa hapa wawili tukiangalia brashi, na dirisha ni chafu."

"Na Mungu wako?"

"Naongea na yeye. Jioni nikishanawa namwambia, unaona vile iko."

Nikacheka na macho yakijaa maji. Nikamwambia tutaikataa wote wawili. Tulipokwenda kwa msimamizi alitukodolea macho. "Nyinyi wawili mnaniletea mambo ya dini kwa kazi? Brashi ni brashi. Mkipata ingine inaosha kama hii, nitaitumia. Mkikosa, mtaosha na hiyo hiyo, na mwache kuangaliana kwa dirisha."

Basi tukaenda Ngara kutafuta brashi. Ukiniuliza siku niliyofurahi zaidi maishani kabla hujazaliwa, nitakuambia ni hiyo. Tulizunguka duka baada ya duka, Musyoka na kiberiti mfukoni. Anaomba unyuzi mmoja tu wa brashi, anauchoma pale mlangoni, tunainama wote kunusa. Ukinyauka na kutoa harufu ya nywele zilizoungua, ni wa mnyama, na huwezi kujua ni mnyama gani, tunarudisha. Ukiyeyuka na kuacha kijitone kigumu, ni plastiki, tunaendelea kuikagua. Mwenye duka mmoja alitoka na ufagio. "Mnanichomea duka, nyinyi! Mnanunua ama mnafanya sayansi?" Tulikimbia mpaka kona ya pili tukicheka, mimi na buibui langu, na yeye akinishikia mkoba.

Mwisho tuliipata kwa mama mmoja muuza jumla. Ya plastiki, lakini laini, nyuzi zake ndefu, na kila ncha imepasuliwa kiwandani ikawa kama unyoya. Musyoka akaipitisha mgongoni mwa kiganja changu, kisha kwenye shavu langu, polepole, akiniuliza kama inakwaruza. Nikasema haikwaruzi. Akairudia, na yule mama akageuka akajifanya anapanga ndoo. Msimamizi aliijaribu kwenye kioo kichafu kuliko vyote, akakuna kidevu, akaitupa ile ya nywele kwenye pipa, na tangu hapo tukaosha bila hofu ya tone.

Lakini watu wana macho, na Ngara ni ndogo. Baba alisikia kabla sijamwambia. Hakunipiga marufuku. Alimwalika Musyoka nyumbani chakula cha mchana, bibi yako akapika wali wa nazi na samaki, nami nikakaa nyuma ya pazia la jikoni nisikie.

"Kijana," baba akasema walipokwisha nawa, "wewe nakupenda, na siko hapa kukuficha. Binti yangu ana macho kwako. Ukisilimu, mimi mwenyewe nitawafungisha ndoa. Usiposilimu, hakuna njia, na si mimi niliyeifunga."

Nilisikia maji ya bomba la jirani yakitiririka.

"Maalim, mimi niliacha kazi nikiwa sina kitu, sababu ya hii dini yangu," akasema. "Nikiiacha leo sababu ya Khadija, atakuwa ameolewa na mtu anaacha vitu. Kesho nitaacha nini? Ataniangalia aniamini aje?"

"Umesema kweli," baba akamwambia, na sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Na ukweli wako umeniuma, Mungu anajua."

Musyoka alipotoka alisimama karibu na pazia. Hakulifunua. "Umesikia?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba nimesikia. "Na wewe pia usiache yako," akasema, akashuka ngazi.

Ningeweza kumfuata. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani mama yako alifungwa kamba. Wako walioondoka kwao wakafuata moyo na wakaishi vizuri tu, siwasemi. Mimi nilijipima nikaona nikiiacha sala yangu nitakuwa nimempelekea mtu mwingine kabisa, si yule aliyekuwa akimpenda. Kwa hiyo tulikataana kwa sababu ile ile iliyotufanya tupendane. Sijutii. Lakini kutojuta hakuniondolei hamu, wala usidanganywe na mtu yeyote kwamba kunaiondoa.

Tuliendelea na kazi pamoja kwa kitambo, na ilikuwa tabu. Kioo hakina pa kuficha uso. Musyoka ndiye aliyeomba ahamishwe, na baadaye nikasikia amerudi Kitui kumtunza mama yake. Siku yake ya mwisho tuliosha upande wa jua linapotua, na tulipofika kioo cha mwisho kilikuwa safi kabisa. Nikakigonga kwa ukucha nikamwonyesha pembe ya juu. Akaosha. Nikamwonyesha ya chini. Akaosha. Nikamwonyesha katikati, palipokuwa na uso wake. Hakukuwa na doa popote na alijua, lakini kila nilipoonyesha aliosha, taratibu, kwa ile brashi tuliyoinunua pamoja, mpaka msimamizi akapiga filimbi kutoka chini. Akashushwa, kichwa chake kikapita ukingo wa dirisha, na sikumwona tena.

Baba yako nilimsimulia yote haya kabla ya posa. Akaniambia, "Mtu aliyekufundisha kuuliza habari za mwenzako, mimi namshukuru." Na kweli aliishi akifaidi somo lile, maana hakuna jambo lililomuuma ambalo sikuliuliza. Nilimpenda baba yako. Moyo una vyumba, na yeye alikaa kwenye kikubwa. Ila mpaka leo nikija huko Westlands nikaona wanaume wakining'inia kwenye majengo, nainua shingo kutafuta mikono mikubwa isiyo na haraka. Wote ni vijana wadogo. Musyoka kama yupo ni mzee mwenye magoti mabovu kama mimi, hawezi kuwa juu pale, na hilo nalijua vizuri sana. Shingo yangu bado inainuka.

Haya, mwanangu, nasaha yenyewe sasa. Ukienda Ngara usinunue brashi ngumu, hata muuzaji akikuapia kwamba inang'oa kila kitu. Itang'oa uchafu pamoja na ule utando wa kukinga jua unaobandikwa kiooni, na mwenye jengo hatakuelewa. Chukua yenye nyuzi laini zilizopasuliwa ncha, uijaribu mgongoni mwa kiganja ikiwa kavu, kisha uilowanishe uinyanyue, maana brashi nyingi ni nyepesi dukani na nzito kwenye mpini mrefu. Ikianguka chini, ioshe kabla haijagusa kioo tena, kwa sababu punje moja ya mchanga inatosha kukuchorea mstari usiofutika. Ya fremu iwe ya fremu, na ya kioo iwe ya kioo.

Na kabla ya kulipa, fikiria nani ataishika, na nani atasimama chini yake inapodondosha maji. Muulize. Usijiambie unamjua kwa sababu ya jina lake, au kabila lake, au dini unayodhani ni yake. Muulize nini kinamkera, nini hawezi kushika, nini anakishika kwa uchungu ili wewe usikishike. Wengi hawatakuambia wenyewe. Watabeba tu, na wewe utakuwa ukiwatania.

Mwenyezi Mungu akulinde na kamba mbovu na maneno ya watu. Akupe riziki yenye heshima na mikono isiyochoka. Akuletee mwenzako wa kazi na wa maisha mwenye moyo wa kukujali usipomwona, na ukishampata, Mola akujaalie uzeeke naye nyumba moja. Hilo la mwisho ndilo nililonyimwa mimi kwa Musyoka, nami bado nalitamani, kwa hiyo nakuombea wewe kwa nguvu zangu zote. Amina.